Pini Nne Kwenye Chombo cha Anga

Nilipelekwa Kakuma kufundisha fizikia mwanzoni mwa mwaka 2012. Kabla ya hapo nilikuwa nimefundisha miaka sita kwetu Kakamega, ambako mvua hushuka karibu kila alasiri. Barua ya uhamisho ilipofika, mama yangu aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaniuliza nimemkosea nani huko ofisini. Sikuwa nimemkosea mtu. Turkana walimu wa fizikia walikuwa wa kuhesabika, basi.

Shule yenyewe ilikuwa ya bweni, ya wasichana. Wengine walikuwa Waturkana wa pale mjini na wa vijiji vya mbali. Wengine walikuwa wakimbizi kutoka kambini, ng'ambo ya laga, ule mto wa msimu ambao karibu mwaka mzima huwa mchanga mtupu. Walinifundisha kuitikia "ejok", salamu ya Kiturkana, kabla mimi sijawafundisha lolote.

Katika kidato cha tatu kulikuwa na msichana kutoka Sudan Kusini, binti wa katekista, mrefu kunishinda kwa kichwa kizima. Alikuwa na tabia ya kutazama dari anapofikiri, na walimu wengine waliichukua kuwa dharau. Hakuwa wa kwanza darasani. Alikuwa wa tisa au wa kumi, kwa sababu hakuweza kuacha swali moja likae alipolishika, na mtihani haumsubiri mtu wa namna hiyo.

Muhula wa tatu nilikuwa nimemaliza silabasi mapema, nikaanza mwendo wa mviringo. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, bati linachoma, nusu ya darasa wanasinzia. Ili kuwaamsha nikawaambia habari za vyombo vya anga. Nikasema mtu akikaa angani miezi mingi anaelea tu, hana uzito, mifupa na misuli yake inalegea kama ya mgonjwa wa muda mrefu. Ndiyo maana wanasayansi wamewaza kujenga chombo chenye umbo la gurudumu kubwa, kizungushwe, ili mtu aliye ndani asukumwe kwenye ukingo wa nje, ahisi uzito miguuni na atembee kama sisi hapa. Nikachukua ndoo yenye maji, nikaizungusha juu ya kichwa changu. Maji hayakumwagika. Wakapiga makofi.

Yule msichana akanyoosha mkono.

"Madam, watu wote wakienda upande moja, hiyo gurudumu haitaanguka?"

"Ianguke wapi?" nikamjibu. "Angani hakuna chini."

Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka nao. Yeye akaketi.

Saa kumi alinifuata kwenye mlango wa chumba cha walimu. Hakuja kulalamika. Alinisimulia, kwa sauti ile ile ambayo angetumia kunieleza kazi ya ziada, kwamba walipokuwa wanakuja Kenya alikuwa na miaka saba, wamejazwa nyuma ya lori. "Jua ilikuwa kali. Watu wote wakahamia upande ya kivuli. Dereva alipiga kelele warudi, hakuna mtu alirudi. Lori ikalala. Kaka yangu alikuwa hiyo upande ya chini." Akatazama dari ya varanda. "Sasa nataka kujua hiyo gurudumu itafanya nini."

Nilitaka kumpa pole, lakini hakuwa ameomba pole. Nilimwambia ukweli, kwamba sikujua vizuri, na kwamba tungeweza kuunda kitu kidogo tukaangalia. Nilisema hivyo kwa sababu niliona haya. Sikutarajia kwamba Jumamosi yake angefika na rimu ya baiskeli begani.

Kazi ile ilichukua miezi. Mwenzake alikuwa msichana Mturkana kutoka Lokitaung, mfupi, mwenye mikono ya nguvu na maneno machache. Walitafuta fremu ya mlango iliyotupwa, wakaisimamisha juu ya meza ya maabara. Juu yake wakafunga drili ya mkono niliyoazima kwa seremala, ile ya kuzungusha kwa mkono kama mashine ya kusaga nyama. Kutoka kwenye drili uliteremka waya wa breki ya baiskeli, na chini ya waya rimu ikaning'inia ikiwa imelala kama sinia. Wa Lokitaung alizungusha, rimu ikazunguka, na hicho ndicho kilikuwa chombo chetu cha anga. Abiria walikuwa betri za tochi zilizofungwa kwa utepe.

Betri zikigawanywa sawasawa, rimu ilitulia. Zikikusanywa tatu upande mmoja, ilirukaruka na kupiga fremu kwa kishindo hadi mwalimu wa historia, aliyekuwa darasa la jirani, akaja kuuliza tunavunja nini.

"Sasa tumeona," nikawaambia. "Watu wasiende upande mmoja."

"Watu wataenda," yule msichana akasema. "Watu hawasikiagi."

Akaendelea. Alifunga kuzunguka rimu mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule mafundi wa nyumba huutia maji kupimia usawa wa ukuta. Ndani yake akatia gololi za chuma alizotoa kwenye beringi mbovu za lori, na mafuta kidogo ya kupikia ili ziteleze polepole. Gololi zilikuwa watu wanaotembea. Nia yake ilikuwa kuonyesha jinsi watu wanavyozidisha balaa, na kweli, rimu ilipozunguka taratibu gololi zilikimbilia upande wa betri, upande mzito, mtikisiko ukazidi.

Siku moja nikiwa nasahihisha madaftari, wa Lokitaung alikuja mbio bila viatu.

"Madam, kuja uone. Imenyamaza."

Sikuamini mpaka waliporudia mbele yangu. Betri tatu upande mmoja. Wa Lokitaung akaanza kuzungusha. Rimu ikatikisika, ikatikisika zaidi, meza ikaanza kusogea. Badala ya kusimama, akaongeza kasi. Ndipo gololi zikaanza kuhama. Ziliacha upande wa betri, zikateleza ndani ya mpira, zikagawanyika makundi mawili, zikatulia upande wa pili mkabala na betri. Kishindo kikakoma. Ilibaki sauti ya drili peke yake, na rimu ikawa kama imesimama.

Niliketi kwenye kiti cha mwanafunzi. Baadaye, kwa kitabu na karatasi nyingi, tulielewa sababu. Kitu kikizunguka taratibu kwenye waya, upande mzito hutupwa nje. Kikishapita kasi fulani hugeuka, kikaanza kuzunguka penye katikati ya uzito wake, na hapo upande mwepesi ndio unaokuwa mbali zaidi na kati. Gololi kawaida yake ni kukimbilia mbali kadiri ziwezavyo, kwa hiyo huenda huko zenyewe na kusawazisha mzigo bila kuamriwa na mtu. Lakini ni lazima kwanza upite kwenye ule mtikisiko. Huwezi kuuruka.

Mkuu wa shule alikubali twende mashindano ya sayansi ya kaunti, Lodwar, muhula wa pili wa mwaka 2013. Alikubali kwa shingo upande. Wasichana walikuwa sasa kidato cha nne, na kumtoa mkimbizi nje ya kambi kulihitaji kibali, na kibali kilihitaji mtu wa kubeba dhamana. Aliniita ofisini.

"Mwalimu, jina lako ndilo liko kwenye hiyo karatasi," alisema. "Mkituaibisha huko, sitatoa tena msichana wa kambini kwenda popote. Nataka uelewe hivyo kabla hujapanda gari."

Nilielewa. Ndilo jambo nililobeba njia nzima.

Kibali kilikuwa cha siku tatu. Siku ya kwanza hatukuondoka. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, sisi hata tone hatukuliona, lakini laga ikajaa ghafla maji mekundu yaliyobeba miti mizima ya mathenge, na magari yote yakasimama. Tulikaa kando ya barabara tangu asubuhi, rimu imefungwa kwa blanketi mapajani mwa wasichana. Siku ya pili maji yalipopungua tukaingia kwenye msafara. Zamani zile magari hayakwenda peke yao barabara ile, yalifuatana na askari wenye bunduki mbele na nyuma. Karibu na daraja moja msafara ulisimama bila maelezo, askari wakashuka, wakatazama kichaka kwa muda mrefu. Halafu wakapanda, tukaendelea.

Kwenye kizuizi cha kuingilia Lodwar askari alisoma kibali cha yule msichana, akakigeuza, akakisoma tena.

"Kinaisha kesho," akaniambia.

"Najua, afande. Mashindano ni kesho asubuhi. Mchana tunarudi."

"Kesho jioni nikimpata hapa, si yeye peke yake nitakayemshika."

"Nimekuelewa."

Msichana alikuwa akitazama mbele wakati wote huo, mkono wake juu ya blanketi.

Tulilala kwenye shule iliyokuwa mwenyeji. Jua lilikuwa halijatua tulipojaribu chombo kwenye darasa tupu. Barabara ilikuwa imelegeza kila kitu. Rimu ilipofika kwenye ule mtikisiko wa kwanza, betri moja ilichomoka, ikaruka kama jiwe la teo, ikavunja kioo cha dirisha. Vipande vingine vilianguka nje, karibu na wanafunzi wawili waliokuwa wakichota maji. Hawakuumia. Nilitoka nikawaomba radhi, nikamwomba radhi mwalimu wa zamu, nikarudi ndani.

"Tutafunga na waya badala ya utepe," yule msichana alisema. Tayari alikuwa amepiga magoti anaokota vipande. "Si shida, Madam."

"Na ikichomoka tena kesho? Ikimpiga jaji usoni?"

"Haitachomoka."

Hakuna aliyeniuliza kama nimelala. Asubuhi wasichana walipokwenda kunywa uji, nilibaki na chombo. Nakumbuka mlango ulikuwa wazi na kulikuwa na jua kali la saa moja juu ya sakafu. Nilitoa kwenye mkoba wangu pini nne za kushonea. Nikazisukuma gololi kwa kidole, nikikamua mpira, hadi zikakaa makundi mawili mahali pale hasa ambapo zingejipeleka zenyewe, mkabala na betri. Kila kundi nikalizuia kwa pini mbili zilizopenya mpira, moja huku, moja kule. Vichwa vya pini vilikuwa vidogo, vyeupe. Nikazungusha drili taratibu, halafu kwa kasi. Rimu haikutikisika hata kidogo.

Nilijiambia ni usalama, na kwamba jibu ni lile lile, mimi nimeondoa tu hatari ya mwanzo. Nilijiambia nitawaeleza wakirudi. Waliporudi nikawaambia tuharakishe.

Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na shule zenye kompyuta, zenye mabango yaliyopigwa chapa, na shule moja ilikuwa na mashine ya kusafisha maji iliyong'aa kama ya dukani. Meza yetu ilikuwa pembeni karibu na dirisha. Majaji walikuwa watatu, na aliyesema ni mmoja, mzee mwembamba mwenye shati jeupe na kalamu mbili mfukoni. Walimu tuliagizwa tusimame nyuma ya kamba.

Msichana alieleza vizuri. Alizungumza Kiingereza cha polepole, na alipokwama aliingia Kiswahili bila kuomba ruhusa. Alisema watu ndani ya chombo hawawezi kukaa sawasawa siku zote, watakula pamoja, watasali pamoja, watakimbilia dirishani kuona kitu. Akasema, "Sasa mtaona itatikisika sana. Msiogope. Mhesabu mpaka ishirini, halafu itanyamaza yenyewe."

Wa Lokitaung akaanza kuzungusha. Majaji wakarudi nyuma hatua moja.

Rimu ikazunguka kimya.

Jaji mwembamba akahesabu kwa midomo. "Mtikisiko uko wapi?" akauliza.

Wa Lokitaung akaongeza kasi. Kimya. Wanafunzi wa meza ya jirani wakaanza kucheka chini chini. Yule msichana akainua mkono, mwenzake akaacha, rimu ikapunguza mwendo hadi ikasimama. Aliinama. Nilimwona akifuata mpira kwa kidole, akifika kwenye pini ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu na ya nne. Hakuuliza kitu. Alinyanyuka, akanitazama juu ya vichwa vya majaji, na mimi nikatazama viatu vyangu.

"Sir," akasema, "hii haijafanya kazi. Kuna kitu imeizuia. Naomba dakika tano."

"Muda wenu umebaki dakika nne."

"Nne ni sawa."

Alizing'oa pini moja moja, akaziweka juu ya meza mbele yao. Mafuta yakaanza kudondoka kwenye matundu. Mwenzake alirarua kipande cha blanketi, akafunga tundu moja, mafuta yakapenya. Msichana akachomoa plasta aliyokuwa amebandika kidoleni pale kioo kilipomkata jana yake, akaibandika juu ya tundu jingine. Yaliyobaki akayafunga kwa utepe. Kisha akazitawanya gololi, akakagua waya za betri, akasema kwa Kiturkana neno ambalo sikulijua. Wa Lokitaung akashika drili.

Mtikisiko ulikuja mbaya kuliko wowote niliowahi kuuona. Fremu ilicheza juu ya meza. Mafuta yaliruka yakachora mstari kwenye shati jeupe la jaji, naye akapiga kelele, "Simamisheni!" Nilivuka kamba. Nilikuwa nimenyoosha mkono kabisa kushika drili. Yule msichana alijiweka katikati, mgongo wake kwangu, mikono yote miwili imeikamata fremu.

"Ongeza!" akamwambia mwenzake. "Ongeza, usiache!"

Nilihesabu. Sikukusudia kuhesabu. Nilipofika kumi na saba kelele ilianza kupungua. Ishirini na tatu ikakoma. Gololi zilikuwa zimekaa mahali pake, makundi mawili, na rimu iliyojaa mafuta ilizunguka ikiwa imetulia kabisa. Jaji alikuwa bado ameshika kitambaa kifuani lakini hakuwa akijifuta.

Akasogea. Akauliza swali ambalo hata mimi sikuwa nimelifikiria. "Angani hakuna waya wa kukishikilia chombo. Je, huu mtikisiko wa mwanzo utakuwepo?"

Msichana alitazama dari. "Nafikiri hapana, sir. Hapa waya ndiyo inalazimisha izunguke mahali haitaki. Kule hakuna kitu inailazimisha. Itazunguka kwa katikati yake tangu mwanzo, na gololi zitaenda upande mwepesi tangu mwanzo. Lakini sijajaribu. Siwezi kujaribu hapa."

Jaji aliandika kwa muda mrefu. Kisha akachukua pini moja mezani, akaishika kati ya vidole viwili.

"Na hizi? Nani alizitia?"

Hakujibu. Mwenzake naye hakujibu. Nilijua kanuni, majaji walijua kanuni, na nadhani wasichana nao waliijua. Kama ni wao, walikuwa wamejaribu kudanganya. Kama ni mwalimu, mwalimu amegusa kazi ya mwanafunzi siku ya mashindano, na kazi hiyo inaondolewa. Nilisimama pale upande usio wangu wa kamba nikitumaini, kwa sekunde mbili au tatu ambazo hadi leo zinaniumiza, kwamba msichana atasema ni yeye.

Hakusema ni yeye. Hakusema ni mimi.

"Ni mimi," nikasema. "Nilizitia asubuhi. Wao hawakujua."

Jaji alinitazama bila hasira. "Kwa nini, mwalimu?"

"Niliogopa."

Akatikisa kichwa, akaandika mstari mmoja, akafunga faili. Kazi yetu haikupewa alama. Bango letu liliondolewa ukutani kabla ya chakula cha mchana. Jaji alipokuwa akiondoka alimpa yule msichana mkono, akainama akamwambia kitu ambacho sikukisikia, wala yeye hakuwahi kuniambia.

Msafara wa kurudi Kakuma uliondoka saa tisa. Kibali kilikuwa kinaisha jioni ile na nilihesabu kila kilomita. Katikati ya safari gari la mbele lilipasua gurudumu, tukasimama sote katika uwanda usio na kivuli, askari wamesambaa kandokando. Wa Lokitaung alikuwa amelala. Yule msichana alikaa karibu nami kwa sababu hakukuwa na pengine pa kukaa.

Aliniuliza akitazama nje. "Madam, ulifikiri sitaweza?"

"Nilifikiri mimi sitaweza," nikasema. "Kusimama pale nikiangalia."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia."

"Ningekukataza."

"Najua. Ndiyo maana sikukuambia."

Nje askari mmoja kijana alikuwa akiimba chini chini huku akisukuma jeki. "Sina hasira ya kushindwa," yule msichana akasema baadaye. "Mimi nilisimama mbele ya watu nikawaambia itatikisika. Haikutikisika. Nilifikiri nimekosa kuelewa kitu. Nilifikiri yote ile niliona, sikuona. Hiyo ndiyo mbaya."

Nilimwomba msamaha, na alisema amesikia. Hakusema amenisamehe. Tulivuka laga jua likigusa vilima, muda wa kibali ukiwa bado haujapita, na hakuna aliyetuuliza karatasi yoyote.

Mkuu wa shule nilimweleza yote kesho yake, mimi mwenyewe, kabla hajasikia kwa mtu. Alinipa barua ya onyo iliyokaa kwenye faili langu. Nilimwomba jambo moja, kwamba aibu ile aiandike kwa jina langu, si la wasichana wa kambini. Muhula uliofuata alimruhusu msichana mwingine wa kambini kwenda Lodwar kwa mashindano ya mdahalo. Mwalimu aliyesafiri naye hakuwa mimi.

Msichana wangu, kama ninaweza kumwita hivyo, aliongea nami darasani tu kwa wiki nyingi. Aliitikia salamu na kujibu maswali. Hakuja tena saa kumi mlangoni. Chombo walikirudisha maabara, na Jumamosi nilisikia drili ikizunguka nikabaki nyumbani kwangu.

Mwezi wa tisa alikuja na daftari. Alikuwa amejaribu kukokotoa chombo kiwe na upana gani na kizunguke kwa kasi gani ili mtu apate uzito wa kutosha bila kushikwa na kizunguzungu, maana alikuwa amesoma kwamba gurudumu dogo likizunguka haraka huwachafua watu tumbo. Kurasa tatu za hesabu. Kwenye ukurasa wa pili alikuwa amekosea, kosa la wazi, alisahau kuinua kasi kwa kipeo cha pili. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwangu.

"Kuna mahali katika ukurasa wa pili," nikamwambia, nikamrudishia daftari.

"Mstari gani?"

"Tafuta."

Alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu Lodwar, kama mtu anayepima ukuta. Akaondoka. Kesho yake alirudi na kosa lile limesahihishwa na jipya limezaliwa chini yake. Nikamwambia kuna mahali. Siku ya tatu hesabu ilikuwa sawa, na chombo chake kilihitaji kuwa kipana kiasi kwamba ungekiweka juu ya mji wa Kakuma kingefunika soko, stendi na sehemu ya kambi. Tulicheka. Akaniuliza nani atalipia chuma chote hicho, nikamwambia hilo ni somo la mwalimu wa biashara.

Alifanya mtihani wa mwisho mwezi wa kumi na moja. Siku alipofunga sanduku lake kurudi kambini nilikuwa nimetumwa Lodwar na mitihani ya vidato vya chini, na gari lilichelewa. Nilipofika shuleni bweni lilikuwa limeshafagiliwa, naye alikuwa ameshavuka laga.